Macho Yana Pazia

Jiwe lipo Jena, uani mwa chuo kikuu,
limechongwa kanuni fupi kuliko jina langu:
vitu viwili vikikaribiana kupita nusu ya wimbi la mwanga
vitaonekana kimoja.
Basi. Hakuna rufaa.
Miaka thelathini na moja nimelipita kwa baiskeli,
mkate kikapuni, nikilisalimu kama mwenye nyumba
asiyepandisha kodi wala kuziba paa.

Wanaosema macho hayana pazia
hawajaketi chumbani kwangu, ghorofa ya chini, patholojia,
mbele ya hadubini iliyonunuliwa kabla ukuta haujaanguka,
skrubu yake moja nimeifunga kwa uzi wa meno.
Pazia lipo. Ukisogeza lenzi, linanenepa.
Ukiongeza taa, linang'aa tu,
na nyuma yake figo ya mtoto wa miaka sita
inabaki ukungu wa kijani.

Hadubini ya elektroni iko mji mwingine; foleni wiki tano.
Mtoto amevimba kope. Mama yake, Bi Schlegelmilch,
hupiga simu kila Jumanne,
haulizi kitu, anapumua tu.

Ndipo Levin Habedank, kijana wa soksi zisizofanana,
akaja na pakiti ya nepi.
Akachana moja mezani, akanimwagia kiganjani ule unga mweupe,
akadondoshea maji.
Unga ukaumuka, ukafura, ukawa theluji ya kujaa mkono.
"Bi Zöllmer, tusibishane na mwanga," akasema.
"Tukuze kitu chenyewe."

Nikacheka. Dengu hulowekwa. Figo je?

Ya kwanza ilipasuka kama barafu ya Machi mtoni Saale.
Ya pili ilijikunja ikawa sikio.
Ya tatu tuliiendea taratibu:
rangi kwanza, kila protini ikapewa kitaa chake;
kisha nanga; kisha jeli ikamea katikati ya seli
kama mizizi ipenyavyo kifusi;
kisha kimeng'enya, cha kula nyama yote.
Hapo niliomba tusimame.
Kipande hiki kilichomolewa kwa sindano mgongoni mwa mtoto,
nasi tunakiyeyusha?

"Alama zinabaki, palepale," Levin akasema.
Tukamimina maji safi.
Nikaenda nyumbani, sikulala.

Asubuhi sahani ilionekana tupu.
Nikaiinamisha, mwanga wa dirisha ukateleza ukingoni:
kilikuwemo, upana mara nne, angavu kama ute wa yai.
Kila jirani kasogezwa mbali na jirani yake,
hatua nne kwa moja,
na hakuna aliyeruka ua wa mwenzake.
Nyama haikuwemo tena. Ulikuwemo ushahidi.

Hadubini ileile. Skrubu ileile.
Pazia halikuondoka, na jiwe halikukosea;
ila waliojificha nyuma yake
walikuwa wamekua, mabega yao yakatokeza.

Nikaliona chujio la figo:
seli zenye miguu, miguu yenye vidole,
vidole vinavyopaswa kufumana kama meno ya zipu.
Hapa vimelala. Vimeshikana, bapa moja,
kama nyayo zilizokanyagwa na nyayo.

Ugonjwa huu una dawa. Una na jina:
badiliko dogo.
Wakubwa waliuita hivyo
kwa kuwa hadubini kama yangu haikuona badiliko lolote.
Dogo kwa nani? Nilimwuliza lenzi. Kope zile zilikuwa zimefumba kwa uvimbe.

Levin hakuruka wala hakupiga makofi.
Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa,
akatazama tena, akasema tuirudie mara mbili
kabla ya kumwambia daktari.
Tukairudia mara mbili.

Jumanne simu ililia.
Safari hii nilianza mimi kusema.

Nepi zilizobaki nilimpelekea Ottilie wa ghorofa ya tatu,
aliyejifungua juzi.
Hakuuliza kwa nini pakiti imefunguliwa,
wala kwa nini fundi mzee asiye na mjukuu
alikuwa nayo.