Mshika Utepe

Sheria inasema mita mia tatu.
Haisemi zianzie wapi.
Hilo ndilo lililonifikisha Luanda, Alhamisi ya soko,
na utepe wa kaunti begani, wa mita hamsini,
karani Nechesa nyuma yangu, kalamu sikioni.

Kutoka mlango wa baa hadi lango la chekechea,
ukifuata njia, ukazunguka mtaro wa reli
na kibanda cha muuza omena: mia tatu na kumi na nne.
Ukuta kwa ukuta, ukikata katikati ya mihindi
pasipopita mtu ila kuku: mia mbili sitini na tisa.
"Niandike ipi?" Nechesa akauliza.
Nikamwambia, ziandike zote. Akacheka:
"Fomu ina kisanduku kimoja."

Rispa Amukoya akatoa leseni zake,
kumi na saba, zimechomwa kwenye msumari mmoja,
ya kwanza ya mwandiko wa mkono, wino umekuwa rangi ya chai.
"Nilipofungua, hapa palikuwa magugu matupu.
Shule imenifuata. Mgeni njoo, mwenyeji apone;
huyu kaja, na mwenyeji ahame?"
Mwalimu Eshikumo hakubisha.
Alisema tu kwamba mtoto hajui nani alitangulia,
anajua anachokiona dirishani saa nne asubuhi.
Juzi mmoja aliigiza mlevi mbele ya darasa,
akapepesuka sawasawa, wenzake wakampigia makofi.

Nilinyamaza. Mshika utepe hana kura.
Sikusema kwamba marehemu kaka yangu, Ambani,
hakunywea penye leseni hata siku moja.
Alinywea migombani, nyuma ya nyumba za watu,
kitu cha kopo, kisicho na fomu wala jina la kudumu,
mahali ambapo hakuna aliyewahi kunituma nikapime.

Sasa wakili ameshika neno moja tu: umbali.
Kamati itakaa Jumanne, kwa chai na mandazi.
Wapo wanaotaka zipunguzwe ziwe mia moja,
wapo wanaotaka kila kata ihesabiwe milango yake,
ikitimia, basi, hata aje nani.
Nimewasikiliza wote. Usiku sipati usingizi.

Niliuvuta utepe, ukarudi na tope,
na unyoya wa kuku, na jani la muhindi.
Nikaufuta kwa suruali.
Sifuri yake ilifutika zamani.
Mimi hukisia tu inapoanzia.