Sekunde Tatu Nyuma

Kazi yangu ni kuandika wanayoyasema,
neno kwa neno, sekunde tatu nyuma ya midomo yao,
kwa ajili ya wasiosikia.
Ghorofa ya tatu, Leeds, Jumapili ya Februari.
Hita imekufa. Vidole nimevipasha kwa kikombe.

Thackray anatoa pasi: "Anausoma mchezo kama gazeti!"
Naandika.
Bampoe anatoa pasi ileile, dakika sita baadaye:
"Ona misuli hiyo! Nguvu za kuzaliwa nazo."
Naandika.
Thackray akikosea, kachoka, maskini.
Bampoe akikosea, kichwa hakipo, kichwa ndicho tatizo lake siku zote.
Naandika. Nalipwa kwa saa.

Dakika ya hamsini na mbili Bampoe alisimama,
mguu juu ya mpira,
kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni,
akaona upenyo ambao hata kamera haikuuona,
akausukuma mpira humo, taratibu,
winga akafika akaukuta unamsubiri.
Bao.
Mtangazaji kapasuka koo: "Farasi! Farasi huyu hazuiliki!"

Farasi gani husimama akafikiri?

Filimbi ya mwisho. Vipaza sauti.
Kocha akaulizwa mbinu.
Yeye akaulizwa mtoto kamwachia nani,
nywele zile zilisukwa kwa saa ngapi,
na mumewe hujisikiaje kushindwa mbio na mkewe.
Akacheka, kicheko cha mtu anayelipa nauli.
Kanuni zinasema niandike: anacheka.
Hazina alama ya kicheko cha namna ile.

Usiku nikimsimulia mama kwa simu, yuko Tanga,
nasema *amefunga*,
na ile "a" ya mwanzo haiulizi
ni mume au mke, mweupe au mweusi,
silabi moja, mlango wazi, anayefunga anapita.
Lakini tusijisifu. Mama kanyamaza kidogo, kisha:
"Na huyo, ameolewa?"

Sikumwambia mama habari ya studio.

Bwana Pickersgill, tai ya kijani,
alilirudisha bao polepole, akachora mishale ya manjano,
akatikisa kichwa kwa mahaba, kama anayepima ng'ombe mnadani:
"Hapa ni nguvu tu. Nguvu tupu."
Vidole vyangu vikaandika:
*Hapa ni akili tu. Akili tupu.*

Sikuamua. Au niliamua, sijui.
Mnyonge mnyongeni, watu husema,
na nusu ya pili ya methali
labda huishi vidoleni.

Wiki mbili kimya.
Kisha barua kutoka Grimsby, ya mkono, wino wa buluu,
Bi Maureen Ogle, miaka themanini na moja,
kiziwi tangu surua ya utotoni:
"Nasoma midomo kuliko nyinyi mnavyosoma vitabu.
Midomo yake ilisema nguvu. Maandishi yalisema akili.
Mmoja wenu hakuliona bao lile."

Hakusema nani.

Msimamizi kaiweka mezani kwangu,
kazungushia sentensi ya mwisho kwa kalamu nyekundu,
pembeni kaandika: *Tuongee Jumatatu.*

Leo ni Jumapili. Bampoe anaanza, jezi namba nane.
Hita bado.
Nimeshika kikombe kwa mikono miwili,
nasubiri mtu aseme kitu.