Daftari la Darasa la Pili B

Kengele yetu ni ringi ya lori
inayoning'inia kwa waya nyuma ya ofisi, pale Isevya.
Jumanne ile ya Machi niliigonga kuwaruhusu.
"Nendeni nyumbani. Msishikane mikono."
Wakashikana mikono, wakakimbia wakishangilia
likizo iliyodondoka kama embe bichi.
Rafuni vikabaki vikombe vya uji, sitini na tatu,
kila kimoja kina jina kwa rangi ya kucha.

Aprili nilizunguka mitaani,
barakoa ya kitenge, kalamu mfukoni, nikiuliza hali.
Kwa kina Ramla saa nne ilinikuta pazia halijafunguliwa.
"Analala na katuni, mwalimu, anaamka na katuni.
Nje kuna ugonjwa, ndani kuna televisheni.
Mimi nimechagua televisheni."
Nilitafuta neno la kumjibu mama yule.
Bado nalitafuta.

Sungwa, aliyekuwa akitoka Kiloleni mbio kila alfajiri
akishindana na honi ya treni,
sasa miguu yake ilijua njia moja:
mkekani, jikoni, mkekani.
Treni ikipita alikuwa usingizini,
maana usiku wake ulikuwa umehamia mchana.

Kwa Tabu hapakuwa na televisheni, wala pazia.
Uji wa shule ndio uliokuwa chai yake,
na siku nyingine ndio uliokuwa chakula cha mchana.
Nilimkuta kizingitini akimung'unya tobolwa,
polepole,
ili lichelewe kuisha.
Akaniuliza, "Mwalimu, kikombe changu kipo?"

Mihayo sikumwona. Alikuwa Sikonge
kwa babu yake, aking'oa karanga.

Siku mia na nne, kama sikukosea hesabu.
Juni ikaisha na baridi yake, nikagonga ringi tena,
nikafungua daftari.

Ramla? Nipo. Sare imembana,
kifungo cha tumboni kimeacha kazi.
Sungwa? Yupo, mwalimu, amelala.
Tabu? Nipo.
Sare ni ile ile, ila ndani yake mtoto amepungua.
Mihayo? Nipo! Mikono imejaa makovu ya nyuki,
miguu kama ya mbuzi dume,
na kichwani hakuna hata irabu moja.
Nilianza upya na a.

Nesi alikuja na mzani, akapima, akaondoka.
Daftari la mahudhurio lina nafasi ya vema au mkasi, basi.
Nikabana kilo za watoto pembeni, kwa penseli.
Mkaguzi alipokuja akaniambia nizifute,
zinachafua ukurasa.

Lakini nisiseme kilichoharibika tu.
Mlangoni tuliweka ndoo ya bluu yenye koki,
kabla ya uji wanapanga foleni, wanasugua,
wanahesabu kwa sauti mpaka ishirini.
Muhula ule hakuna aliyenikimbilia ameshika tumbo,
na mwaka wa nyuma, mwezi kama huo,
niliwapeleka wanne zahanati kwa baiskeli yangu mwenyewe.
Yaani ugonjwa mmoja
ulikuwa umetufundisha kufukuza mwingine.

Oktoba koki ikakatika.
Tukaziba kwa kijiti, kijiti kikavuja.
Niliandika barua ya koki.
Januari ndoo ikaazimwa kwenye harusi
na harusi, nasikia, ilifana sana.

Sasa foleni ya uji inakwenda moja kwa moja.
Ramla amepata kifungo kipya, Sungwa anaikimbiza treni.
Tabu peke yake, kabla hajachukua kikombe chake,
husimama pale ilipokuwa ndoo,
kwenye duara lililobaki sakafuni,
husugua viganja vikavu,
kumi na nane,
kumi na tisa,
na wenzake nyuma wanamsukuma.