Mwanya wa Ringi ya Kwanza

Zizi la zamani, Kauhajoki, mwezi wa pili.
Nje ni nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri,
theluji inalia chini ya buti kama wanga mkavu.
Ng'ombe waliuzwa mwaka nilioanza shule;
harufu yao bado imo ukutani, imechanganyika na ya mafuta.

Baba amekaa juu ya kreti, mkongojo magotini.
Nyonga mpya haimruhusu kuinamia bloku,
kwa hiyo mwaka huu mikono ni yangu
na macho ni yake.

Nachukua ringi ya kwanza ya silinda ya kwanza.
Naibana kwa vidole, naitumbukiza,
naisukuma kwa pistoni iliyogeuzwa kichwa chini
mpaka ikae sawa, isiegemee upande,
maana ringi iliyolala mshazari hutoa ushahidi wa uongo.
Ncha zake mbili zinatazamana, hazigusani.
Kazi yote iko hapo, katika kitu ambacho hakipo.

Nachomeka ubapa wa fila geji. Thelathini na moja.
Sehemu thelathini na moja za mia ya milimita.
"Hapo hapo," Baba anasema. "Mwanya mkubwa ni nguvu inayoibwa."

Mwaka jana tulisema hapo hapo.
Tulipandisha mgandamizo hadi kumi na tatu kwa moja,
tukajaza ethanoli, tukaingia kwenye barafu ya ziwa,
na mzunguko wa tatu chuma kikapata moto,
kikataka kurefuka kama kila chuma,
kikakuta hakuna pa kwenda.
Ncha zikasukumana. Ringi ikaula ukuta.
Injini ilipiga ukelele mmoja,
halafu nikasikia upepo, na mtu kando ya njia akikohoa.
Kilomita tisini za kurudi nyumbani
hatukusema neno. Redio nayo haikuwashwa.

Simkumbushi. Nabana ringi kwenye jiriwa yenye taya za shaba,
nachukua tupa.
Ncha moja tu, na kwa kwenda tu, kutoka nje kuingia ndani,
ngozi ya molibdeni isije ikabanduka.
Pasi mbili. Nafuta. Narudisha silindani. Napima.
Pasi moja. Nafuta. Napima.
Haba na haba hapa haijazi kibaba: inamega,
na kilichomegwa hakirudi.

Thelathini na tano. Thelathini na nane.
"Basi," anasema.
Arobaini na moja.
"Raili."
Arobaini na tatu.

Nina mwanya kwenye meno ya juu.
Daktari wa shule alitaka kuuziba kwa waya;
Mama akamwambia, mwache, apate pa kupigia mluzi.
Mama aliishi na Baba miaka thelathini.
Kila alipochemka alitoka kwenda kupasua kuni,
na kuna majira ya kipupwe ambayo rundo lilifika paani.

Ringi za pili nazipa zaidi kidogo,
gesi iliyopenya isinaswe katikati.
Silinda ya pili, ya tatu. Vidole vimeanza kufa ganzi.
Kwenye ya nne, ringi ya juu, tupa inateleza.

Arobaini na sita.

Hakuna ringi ya akiba. Mashindano ni Jumapili,
duka la Vaasa linafunguliwa Jumatatu.
Baba ananyosha mkono, nampa.
Anaiinua kwenye taa,
anafumba jicho moja, anachungulia pengo lile
muda mrefu kuliko linavyohitaji.
Kisha anatoa kijiwe cha kunolea mfukoni,
analainisha kingo za ncha, taratibu, ananirudishia.
"Huyu wa nne," anasema, "na apumue."

Anaomba penseli. Ubavuni mwa boksi la maziwa
anaandika mwenyewe, mkono ukitetemeka:
43, 43, 43, 46.
Chini yake tarehe. Anafikiri.
Halafu jina langu.

Kahawa yake imeshika utando.
Naanza kuvisha pistoni ringi zake,
nikizungusha mianya mmoja mmoja
isikae mstari mmoja.