Kanda Kumi na Nne

Walizimwaga mezani, mbele ya wazazi wote,
kanda kumi na nne kutoka sanduku la viatu,
majalada yamechorwa mafuvu kwa kalamu nyeusi.
Mchungaji Hannula akaishika moja kwa ncha za vidole
kama mtu aliyeokota panya kwa mkia.
"Hizi ndizo," akasema, "zilizompeleka Jarkko mtoni."

Na ukumbi ukapumua.

Niliisikia pumzi ile, mimi muuguzi wa shule,
nimeketi karibu na hita, koti mapajani.
Ni pumzi ya watu waliotuliwa mzigo:
mchawi kapatikana, na si wa mtaa huu,
hatutakutana naye dukani kesho.

Reijo, baba mtu, alikaa safu ya mwisho
akiikunja kofia yake, akiikunjua.
Wakitoka walimgusa bega: pole, Reijo,
nyakati hizi mbaya.

Usiku ule wa Machi mto ulikuwa bado barafu.
Dereva wa gari la kukwangua theluji alimkuta katikati,
anatembea, bila kofia, hedifoni masikioni,
betri zimekwisha zamani.
Yu hai. Vidole viwili vya mguu hakurudi navyo.
Alipoulizwa alikuwa akienda wapi, alisema, "Ng'ambo."
Ng'ambo hakuna kitu. Ni misonobari tu.

Mimi nina daftari. Hakuna aliyeliuliza.
Jumanne, tumbo. Jumanne, tumbo. Jumanne, kichwa.
Alhamisi, kifundo cha mkono: "Nilianguka na skii."
Na skii zake, nilijua, ziliuzwa Novemba,
kiwanda cha mbao kilipofunga lango.
Nikaandika: *alianguka na skii.*
Nikampa mkate mweusi na siagi, akala amesimama.
Hati yangu ni nzuri. Kila mtu huisifu hati yangu.

Walipiga kura kanda zichomwe.
Nikasema, nipeni, nitazipeleka jaani mwenyewe.
Nikazipeleka jikoni kwangu.

Muziki huu siupendi, niseme kweli.
Gitaa linalia kama msumeno uliokuta msumari ndani ya gogo,
ngoma zinakimbia bila kujua zinamkimbia nani,
na yule bwana haimbi, anatapika mawe.
Anataja kaburi, ndiyo. Anataja giza.
Lakini huku kaskazini ya Ufini, Desemba
jua halichomozi hata likibembelezwa.
Giza hatukuletewa na kanda.

Kanda ya sita, upande wa pili.
Hakuwa na waya wa kunasia, mtoto yule.
Aliweka kinasa sauti mbele ya redio, akabonyeza,
akakaa kimya asikohoe.
Basi mashine ikanasa wimbo, na chumba,
na nyumba nzima nyuma ya chumba.

Chini ya gitaa: sahani.
Kisha sauti ya mwanamume, kiti kinaburutwa,
mwanamke anasema, "Si mbele ya mtoto, Reijo, si mbele ya..."
Na hapo, sikiliza, hapo hapo,
mkono mdogo unazungusha kitufe cha redio
na wimbo unapanda, unapanda,
hadi unaifunika nyumba kama blanketi.

Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena.
Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui hila yake.
Mimi nilijua. Nilikuwa na tarehe.

Sisemi wimbo ni malaika.
Huenda ulimshika mkono hadi ukingoni mwa barafu;
sikuwepo, siwezi kuapa.
Najua tu kwamba mwaka mzima ule
hakuna mkono mwingine uliomshika,
wangu ukiwemo, uliokuwa umeshika kalamu.

Saa sita usiku. Daftari na kanda, meza moja.
Nimevaa koti, nimelivua, nimelivaa.
Jirani anagonga ukuta: "Sirkka! Punguza hayo makelele!"

Sikupunguza.