Hodi Elfu kwa Sekunde

Wete, juu ya duka la vyerehani,
chumba changu kina feni inayokohoa
na kibao cha saketi, kipana kama kiganja cha mtoto,
kilichorudishwa kutoka ghala la Konde
ndani ya mfuko wa kaimati.
Kazi yake ni moja: kunusa unyevu wa karafuu
na kupiga kelele zikianza kuvunda.
Betri tuliyowaambia ni ya msimu mzima
ilikata roho siku ya nne.

Faki Shaame wa ghalani kaandika kwa kalamu nyekundu:
*Chombo chenu kinakula kuliko wachumaji.*

Nikafungua kiini cha mfumo,
mistari niliyoiandika mwenyewe, mwaka wa kwanza wa ujuaji wangu,
nikamkuta saa mlangoni.
Hodi.
Prosesa ainuke, aweke chini alichoshika,
kila rejista aikumbuke mahali pake,
atoe komeo: Kuna nini?
Hamna. Nimepita tu.
Afunge, aokote kimoja kimoja, akae.
Hodi.
Mara elfu kwa sekunde, usiku kucha,
na ghalani hakuna hata panya anayetembea.

Kwetu hodi ni tatu. Usipoitikiwa, unarudi ulikotoka.
Huyu nani kamlea? Mimi.

Nikapima. Hodi moja, mikrosekunde kumi na moja:
kope haijaamua hata kufumba.
Lakini zidisha kwa elfu, kisha kwa sekunde za kutwa kucha,
unapata dakika kumi na sita kasoro kidogo
za kuufungulia upepo mlango.
Wala si hizo zilizomaliza betri.
Ni kule kutolala.
Usingizi unaokatwakatwa si usingizi,
muulize mama wa mapacha.

Usiku wa kwanza nilipunguza maneno tu.
Hesabu isiyohusu mlango nikaitoa mlangoni,
foleni ya kazi nikaipanga, ya karibu mbele,
asiye na zamu asiguswe;
nikang'oa kufuli lililofunga chumba kisicho na mwingine ndani.
Kumi na moja zikawa tatu.
Nikamwambia dada yangu Zuwena, ukutani, saa tisa za usiku:
Nimeokoa mikrosekunde nane!
Akasema: Zitie kwenye kibubu. Lala.

Usiku wa pili ndipo nikaona
kosa si urefu wa hodi.
Kosa ni hodi.
Nikamwambia saa: tazama foleni, kazi ya kwanza iko lini?
Baada ya dakika kumi? Basi nenda, urudi baada ya dakika kumi.
Na wewe, prosesa, ning'inia kama popo wa Kidike,
mbawa usoni, dunia iendelee bila wewe.

Kukawa kimya. Mkondo kwenye mita ukashuka,
ukashuka, hadi nikadhani nimeua.

Asubuhi jua limefika kitandani,
kibao kinaapa bado ni saa tano za usiku.
Nilisahau: muda wote alikuwa akiuhesabu kwa hodi,
na hodi nimezifuta.

Nikacheka. Kisha sikucheka.
Mwaka ule wa msiba wetu nami nilijua siku
kwa waliobisha. Walipoacha kuja
sikujua tena kama ni Jumatatu, au ni mwezi gani.

Dawa yake mstari mmoja na nusu.
Kwenye kona ya saketi kuna kihesabio kisicholala,
kinahesabu bila kumgutusha mtu.
Ukiamka, kabla ya lolote, kiulize:
zimenipita ngapi?
Ongeza. Endelea.

Kibao kimerudi Konde.
Hodi mia na arobaini na nne kwa siku,
na kila moja ina neno.
Wiki ya saba sasa, Faki hajaandika kitu.
Zuwena anauliza zile nane nimeziweka wapi.