Baada ya Mwisho wa Faili

Nedyalka aliileta diski ndani ya bahasha ya mishahara,
Kazanlak, Februari ya themanini na saba,
theluji haijayeyuka bado mabegani mwa koti lake.
"Imekufa," akasema. "Maziwa ya vijiji kumi na kimoja yamo humo,
na Ijumaa watu wanataka pesa zao."

Mfumo ulikwisha kata shauri: faili hakuna.
Mfumo ni karani wa mapokezi. Hutazama daftari lake,
na jina lisipokuwemo, hata ukisimama mbele yake
ukitweta, atakwambia hupo.

Basi nikampita karani.
Nikaingilia mlango wa nyuma, katizo la kumi na tatu,
kumi na tatu ile ya wahesabuo kwa kumi na sita,
nikijaza rejista moja moja kama fomu ya hospitali:
kichwa kipi, njia ipi, sekta ipi,
mzigo uteremshwe wapi.
(Njia huhesabiwa kuanzia sifuri. Vichwa, sifuri.
Sekta huanzia moja. Aliyeamua hivyo simjui;
nimejikwaa hapo mara nyingi kuliko ninavyokiri.)

Jaribio la kwanza: kosa.
Mwongozo wangu, nakala ya nakala, wino umefifia,
wasema usilalamike kabla ya mara tatu,
huenda mota haijashika kasi.
La pili: kosa.
La tatu, kichwa kikakwaruza
kama mtu anayesafisha koo,
na skrini ya kijani ikafurika
baiti mia tano na kumi na mbili.

Kumbe kufuta si kufuta.
Mfumo hunyakua herufi ya kwanza tu ya jina,
pahala pake hupachika alama ya Kigiriki,
basi. Mwili wote umelala palepale.
MLYAKO, maziwa, limebaki LYAKO,
neno lisilo na mama.
Nikalirudishia M yake.

Usiku kucha njia kwa njia:
Rozovo, ng'ombe wawili, lita thelathini na moja.
Enina, mjane Gana, lita nne, siku nyingine tatu na nusu.
Mtu aliyeandika ile nusu
alikuwa mwaminifu, au aliogopa.

Daftari likakoma katikati ya sekta.
Lakini sekta haijui nusu; diski huandika sekta nzima,
na pengo hujazwa kwa chochote kilichosahaulika kwenye kumbukumbu.
Hapo, baada ya mwisho wa faili, bila salamu:

*usimwambie Rusi. waridi zikianza kuchumwa
nitakuwa nimekwenda. ufunguo nitauacha chini ya*

Chini ya nini?
Nikasoma sekta iliyofuata, sikatai.
Ilikuwa bei ya chumvi.

Njia za kunakili ni mbili.
Sekta kwa sekta, na kila kitu huhama,
hata kisichohesabiwa.
Au faili kwa faili: huhama kile tu kilichopimwa,
na mabaki hubaki.
Nikachagua ya pili. Saa kumi na moja alfajiri,
redieta ikigonga, mimi na soksi zenye unyevu.

Alikuja kuchukua diski zote mbili.
Mpya akaitia mkobani. Ya zamani akaishika kwa vidole viwili,
akiitazama tundu la katikati.
"Umesoma yote?"
"Nimesoma maziwa."
Akanitazama muda ambao mota ingehitaji kushika kasi,
akafunga vifungo vya koti.

Ijumaa vijiji vililipwa. Gana alipata ile nusu.

Mwezi Mei, bonde zima likinuka waridi
hadi mkate ukawa na ladha ya sabuni,
Rusi, dereva wa lori la maziwa, alisimama mlangoni kwangu,
kofia mkononi, akiuliza kama mashine hizi
huweka chochote ambacho mtu amekiondoa.

Nikatazama daftari langu.
"Hakuna faili," nikamwambia.
Nilisema mara tatu.